Ghuba ya Moshi na Safari za Angani

Huenda umepata kusikia kwamba mtu akihamia kati ya mji, akaiacha motokaa na kwenda kwa miguu au kwa basi, amekwisha kuipunguzia dunia mzigo wa moshi. Tena akiwa ni mwenye kuyajali mazingira, hapana shaka safari zake zote zitakuwa safi. Maneno hayo yana ukweli, walakini ni nusu yake. Nusu ya pili na tuitafute Aisilandi, kisiwa cha bahari ya kaskazini, katika mji wake mkuu wa Reykjavik.

Maana ya jina hilo ni Ghuba ya Moshi. Wahamiaji wa kwanza, ambao kwa mapokeo walifika mwaka 874, waliuona mvuke wa chemchemi za moto wakaudhania moshi. Moshi wa kweli ulikuja baadaye sana, pamoja na makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli. Baridi ilipokaza, kila nyumba iliwasha, na wingu jeusi likatanda juu ya mapaa. Ndipo mwaka 1930 maji ya moto yakavutwa kwa bomba la kilomita 3 hivi kutoka chemchemi za Laugardalur mpaka shuleni, hospitalini na katika nyumba kadhaa. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, mabomba ya namna hiyo yakaenezwa nchini kwa haraka. Leo nyumba kama 9 katika kila 10 hupata joto lake kutoka ardhini, na umeme karibu wote hutokana na nguvu za maji na mvuke. Ni miji michache duniani yenye sifa hiyo.

Barabarani mambo ni mengine. Mpango wa mji wa mwaka 1962 hadi 1983 uliipa motokaa nafasi pana, na mitaa ikatawanyika. Ndiyo maana wapangaji wa siku hizi wanataka watu wajenge karibu karibu.

Na angani je? Uwanja wa Keflavik, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, ulijengwa na majeshi ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Shirika la Loftleiðir, lililoanzishwa mwaka 1944, likapata jina kwa nauli zake rahisi kati ya Ulaya na Marekani.

Mwaka 2017 wataalamu waliwauliza wakazi wa Reykjavik na vitongoji vyake, wenye umri wa miaka 25 mpaka 40, habari za safari zao. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Asilimia 70 ya madhara ya safari hizo kwa hali ya hewa yalitokana na safari za nchi za nje! Kweli, mkazi wa kati ya mji alitoa hewa ya ukaa kidogo katika safari za kila siku. Na mwenye kuyajali mazingira alitoa kidogo mjini na ndani ya nchi. Lakini alipovuka bahari, kujali kwake hakukuonekana katika hesabu. Kilichoonekana zaidi ni ile tabia ya kujihisi raia wa ulimwengu, kupenda watu na desturi za mbali. Nchini Ufini nako, mwaka 2014, wataalamu walionyesha kwamba akiba anayoipata mkazi wa mji kwa kutoendesha motokaa yaweza kuliwa yote na eropleni.

Mimi sioni haki kuwaita watu hao wanafiki. Anayeiacha motokaa amepewa basi na njia ya miguu; anayeiacha eropleni huenda amemwacha mama yake ng'ambo. Sisi wa pwani, wenye ndugu Maskati na London, twalijua hilo bila kufundishwa. Ila hesabu haina huruma. Kutoka Keflavik mpaka London na kurudi ni kama kilomita 3,800. Mtu aendaye kazini kwa baiskeli, kilomita 10 kila siku, hata mwaka ukiisha hajaufikia umbali huo. Naye msafiri ameumaliza kwa saa sita au saba, na nyumbani alijulikana kwa kutomiliki motokaa.

Je, Mwaisilandi afanye nini, na reli haipiti baharini? Iko meli ya abiria, Norröna, iendayo Denmark kwa kupitia visiwa vya Faroe. Huondokea Seyðisfjörður, upande wa pili wa kisiwa, zaidi ya kilomita 600 kutoka Reykjavik, nayo pia huchoma mafuta.