Fidia ya Mgongo: Historia ya Madai ya Ajali Katika Barabara ya Salama

Salama ni mji mdogo wa kaunti ya Makueni ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, kati ya Malili na Sultan Hamud. Mabasi ya usiku na matrela ya kutoka bandarini hupishana hapo mchana kutwa na usiku kucha, na ajali zimekuwa sehemu ya maisha ya mji kwa vizazi kadhaa. Kila ajali huacha madai nyuma yake, na hakuna madai yanayosumbua kama ya mgongo. Mguu uliovunjika huonekana, na kidole kilichokatika hakibishaniwi. Mgongo ulioteguka hauvuji damu, na mwenye maumivu anaweza kusimama kizimbani wima kama mtu mzima. Kwa sababu hiyo historia ya fidia yake ni zaidi historia ya ushahidi kuliko ya sheria.

Kabla ya ukoloni, Wakamba walimaliza mambo ya majeraha mbele ya nzama, yaani baraza la wazee. Fidia ililipwa kwa mifugo, na deni halikumwangukia mkosaji peke yake: ukoo ulimchangia, na ukoo wa aliyeumia ndio uliodai. Maafisa wa kikoloni walioandika juu ya desturi hizo, Charles Dundas aliyehudumu Kitui mwanzoni mwa karne ya 20 na D. J. Penwill aliyekusanya maelezo yake katika wilaya ya Machakos na kuyachapisha mwaka 1951, walikuta utaratibu unaojali zaidi hasara iliyotokea kuliko nia ya aliyeisababisha. Palipokosekana shahidi, palikuwa na kiapo cha kithitu, ambacho watu walikiogopa kuliko jela. Wazee hawakuwa na picha ya eksrei, lakini walimjua mdai: walijua kama alikuwa akilima mwaka uliopita na kama sasa halimi.

Reli ilileta aina nyingine ya jeraha. Ujenzi ulioanzia Mombasa mwaka 1896 ulipita Ukambani, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud na Kima, ukafika Nairobi mwaka 1899. Kati ya vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, 2,493 walikufa na 6,454 walitoka kazini wakiwa wagonjwa au hawajiwezi. Mwajiri wao hakuwa jirani wa kuitwa mbele ya wazee, wala hakuwa na ukoo wa kuchanga ng'ombe. Yeyote aliyeumizwa na mtambo au gari alibaki na sheria ya Uingereza, iliyopokewa nchini kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Sheria hiyo ilidai jambo ambalo nzama haikulipa uzito mkubwa hivyo: uzembe uthibitishwe. Asiyeweza kuonyesha kosa la mwenzake alirudi nyumbani mikono mitupu, hata kama mgongo umevunjika kweli.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilikuwa imewalazimisha wenye magari kuwa na bima ya mtu wa tatu tangu mwaka 1930. Kenya ikafuata kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1946, ambayo leo ni Sura ya 405. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940 ikaongezwa sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Tangu hapo watu watatu wanaoweza kuumia mgongo katika ajali moja hapo Salama wamekuwa wakipita milango mitatu tofauti.

Abiria wa basi au matatu amelipa nauli, kwa hiyo bima ya lazima inamhusu. Tanboi wa lori haimhusu, kwa kuwa sheria inamwondoa anayeumia akiwa kazini kwa mwenye gari. Yeye huelekezwa kwenye fidia ya wafanyakazi. Wa tatu ni yule aliyeomba lifti, na watu wa kando ya barabara hii wamekuwa wakiomba lifti kwenye malori tangu malori yaanze kupita. Bima ya lazima haimlindi abiria asiyebebwa kwa malipo wala kwa mkataba wa kazi. Anaweza kumshtaki dereva na mwenye lori, akashinda, kisha akakuta hakuna kampuni inayobanwa na sheria kumlipa. Pengo hilo limedumu katika sheria kwa miongo mingi, na ni ajabu jinsi linavyozungumzwa kwa nadra.

Matatu nazo zilikuwa na historia yake. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na ni mwaka 1984 tu sheria ilipozirudisha chini ya leseni na ukaguzi. Magari yaliongezeka, madai yakafurika, na mahakama zikalazimika kuamua mgongo una thamani gani. Jibu lao halikuwa orodha ya bei. Hakimu huangalia kesi za majeraha yanayofanana, huzingatia kushuka kwa thamani ya shilingi, kisha hukadiria. Tangu kesi ya Butt dhidi ya Khan ya mwaka 1981, mahakama ya rufaa haigusi kiwango hicho ila kiwe kikubwa au kidogo kupita kiasi, au hakimu awe amefuata msingi usio sahihi. Gharama za matibabu ni jambo jingine: hutajwa moja moja katika hati ya madai na kuthibitishwa kwa risiti. Asiye na risiti hapati kitu, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa.

Makaratasi yamechukua nafasi ya kithitu. Mdai huhitaji abstrakti ya polisi yenye namba ya gari na ya bima, kadi ya hospitali ya siku ya ajali, fomu ya P3, hati ya umiliki wa gari na ripoti ya daktari. Kampuni ya bima nayo humpeleka mdai kwa daktari wake, na si ajabu madaktari hao wawili wakatofautiana sana juu ya mgongo uleule. Kadi ya siku ya kwanza ndiyo huamua. Ikiwa iliandika jeraha la goti tu, maumivu ya mgongo yaliyojitokeza wiki mbili baadaye hutiliwa shaka, ingawa kitabibu hilo ni jambo la kawaida. Shaka hiyo ina chanzo: madalali wa kesi waliojaza hospitali na vituo vya polisi waliwahi kuwaingiza ndani ya basi watu ambao hawakusafiri, na mwaka 2011 kikaundwa kitengo maalumu cha polisi cha kuchunguza ulaghai wa bima.

Muda nao ni mtego. Sheria ya mwaka 1968 inampa mdai miaka mitatu tangu ajali, lakini anayedai kutoka Serikalini ana miezi 12 tu. Bima isipoarifiwa kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baadaye, inaweza kukataa kulipa hukumu. Ikikataa bila sababu, mdai hufungua kesi ya pili dhidi yake.

Kushinda nako hakujawa dhamana. United Insurance, iliyokuwa na magari mengi ya abiria, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Wenye hukumu mkononi wakazuiwa kukamata mali. Ili kuziokoa kampuni, wajibu wa bima ya lazima uliwekewa kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kwa aliyepooza kuanzia kiunoni, anayehitaji kiti cha magurudumu na mtu wa kumhudumia maisha yake yote, kiasi hicho ni kidogo. Ziada hudaiwa mwenye gari, kama anacho. Bunge lilijaribu mwaka 2013 kuweka jedwali la asilimia kwa kila jeraha. Chama cha Mawakili kikapinga, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikalitengua.

Jedwali lilidumu upande wa wafanyakazi. Sheria ya Manufaa ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humpa anayepoteza kabisa uwezo wa kazi malipo ya miezi 96 ya mshahara, bila kuthibitisha uzembe, lakini inamzuia kumshtaki mwajiri. Mawakili walipambana nayo kwa zaidi ya muongo mmoja hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019.

Tangu mwaka 2021 Mahakama ya Madai Madogo imekuwa ikisikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya majeraha, na inatakiwa kuyamaliza kwa siku 60. Mgongo ulioteguka unaweza kuenea humo. Pingili iliyovunjika huenda mbele ya hakimu wa Kilungu au Makindu, na rufaa yake husikilizwa na Mahakama Kuu.