Sumaku ilivyoumbua unga wa kijani

TITANIAMU huwajia Wakenya wengi akilini kwa mchanga wa Kwale, uliochimbwa tangu 2013 hadi Desemba 2024 na kupakiwa melini, hasa kwa ajili ya rangi nyeupe. Katika maabara, hata hivyo, metali hiyo ina maisha mengine. Atomi yake hufungamanishwa na kaboni, na tabia ya kampaundi hizo mbele ya sumaku iliwatatiza wanakemia kwa miongo kadhaa.

Chanzo kilikuwa ferosini, iliyotangazwa mwaka wa 1951: atomi ya chuma iliyobanwa katikati ya pete mbili, kila pete ikiwa na atomi tano za kaboni. Wanakemia wakataka kuiweka titaniamu mahali pa chuma. Mwaka wa 1954 Geoffrey Wilkinson na mwenzake walieleza fuwele nyekundu zenye pete hizo mbili pamoja na atomi mbili za klorini. Kwa kuwa klorini hukaa upande mmoja, pete hazilali sambamba bali hupanuka mithili ya chaza aliyefunua kombe.

Sumaku huingia hapa. Elektroni zilizo jozi hufutana nguvu. Iliyo pweke huvutwa na sumaku. Atomi ya titaniamu ina elektroni nne za nje, na katika fuwele nyekundu zote zimeshatumika, hivyo hazivutwi. Ikiondolewa klorini moja, elektroni moja hubaki pweke. Molekuli hizo basi huungana mbilimbili, na kadiri zinavyopozwa ndivyo elektroni za pande mbili zinavyokinzana na mvuto kufifia.

Je, klorini zote zikiondolewa? Elektroni mbili pweke zingetarajiwa. Mwaka wa 1956 Wilkinson na A. K. Fischer (asichanganywe na Ernst Otto Fischer wa Ujerumani, aliyegawana na Wilkinson Tuzo ya Nobel ya 1973) walipata unga wa kijani wakauita titanosini. Ajabu ni kwamba sumaku haikuuvuta hata kidogo.

Ushahidi huo ulistahili kuaminiwa kuliko lile jina. Mwaka wa 1970 Hans Brintzinger na John Bercaw walipendekeza kwamba titaniamu, ikiachwa uchi, hupokonya haidrojeni kutoka kwa pete zake yenyewe. Pete mbili za molekuli jirani zikashikana, na elektroni zikapata wenzi. Picha za eksirei zilithibitisha umbo hilo mwaka wa 1992.

Titanosini halisi ilihitaji ngao. Mwaka wa 1998 watafiti nchini Uingereza walizivisha pete vikundi vinene vya kaboni na silikoni, metali isipate pa kupokonya. Safari hii pete zililala sambamba, na vipimo vya sumaku vikaonyesha elektroni mbili pweke. Kampaundi hiyo hutunzwa mbali na hewa, kwani oksijeni kidogo tu huiharibu.