Kombe la Chalenji

Kombe la Chalenji ni mashindano ya soka ya timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, ambayo tangu 1973 yameandaliwa na CECAFA, yaani baraza linalounganisha vyama vya soka vya ukanda huo. Chimbuko lake ni Kombe la Gossage, lililodhaminiwa na kampuni ya sabuni ya Uingereza na kuanza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926, kisha Tanganyika ikajiunga 1945 na Zanzibar 1949.

Upekee wake, na pengine jambo linaloyapa mvuto kuliko ubora wa soka lenyewe, ni nafasi ya Zanzibar, ambayo haimo katika FIFA, na ambayo uanachama wake wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, ulitolewa Machi 2017 na kufutwa Julai mwaka huohuo. Hata hivyo hapa hucheza kwa bendera yake, hukutana na Tanzania Bara kama mpinzani wa kawaida, ilitwaa ubingwa 1995 nchini Uganda, na katika fainali ya 2017 mjini Machakos ilitoka sare ya 2-2 na Kenya kabla ya kushindwa kwa penalti. Uganda ndiyo iliyotwaa kombe mara nyingi zaidi.