Pumzi Kavu na Deni la Mbwa wa Maabara

Kwa muda mrefu, lawama za kubanwa kifua wakati wa mazoezi zilitupiwa baridi. Mkimbiaji mwenye pumu alipokosa pumzi siku ya kipupwe, jibu lilionekana wazi. Nataka kueleza jinsi jibu hilo lilivyotiliwa shaka, na ni nani waliolipa gharama yake. Kwa maana historia ya sayansi tunayoifundisha hutaja majina ya mabingwa na kuwasahau mbwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, E. R. McFadden na wenzake nchini Marekani walishikilia kwamba chanzo ni kupotea kwa joto katika njia za hewa. Huko Sydney, Australia, Sandra Anderson alijenga hoja tofauti. Hewa tunayovuta sharti ipashwe joto hadi nyuzi 37 hivi na kujazwa unyevu kabla ya kufika ndani kabisa ya mapafu. Kila lita ya hewa iliyoshiba hubeba takriban miligramu 44 za maji. Anayehema kwa kasi kupitia mdomoni huchota maji hayo kwenye utando mwembamba unaofunika njia za hewa. Maji yakipungua, chumvi hukolea, seli husinyaa, na kemikali zinazokaza misuli ya njia hizo huachiliwa. Kwa hoja hii, hata hewa yenye joto, ikiwa kavu, yaweza kudhuru.

Mapafu ya binadamu aliye hai hayafunguliwi ili kuamua ubishi wa wataalamu. Hapo ndipo wanyama walipoitwa. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, kuanzia miaka ya 1980, Arthur Freed na wenzake waliwalaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakapenyeza bomba jembamba hadi kwenye tawi dogo la pafu, wakapitisha hewa kavu humo. Tawi lilibana. Lilipochunguzwa, tabaka la seli zinazolifunika lilikuwa limejeruhiwa. Ukavu, basi, haukuwa usumbufu wa kupita, ulikuwa jeraha.

Simbilisi nao walibanwa walipopumuliwa hewa kavu kwa kasi, lakini kwao sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na kemikali zinazotoka kwenye neva za njia za hewa. Hili ni onyo kwa kila anayesoma ripoti za maabara: mnyama si nakala ya binadamu, na matokeo ya spishi moja hayahami kirahisi kwenda nyingine.

Mwaka 2002, Michael Davis na wenzake walichapisha uchunguzi wa mbwa wa Alaska wanaokokota sleji, waliokuwa wamemaliza mbio za zaidi ya maili 1,000 katika hewa baridi na kavu. Njia za hewa za wengi wao zilikuwa na ute na uchafu usio wa kawaida. Watafiti waliona hapo kielelezo cha maradhi ya wanariadha wa kuteleza kwenye theluji.

Faida tumeipata. Kutokana na hoja ya maji na chumvi, Anderson na wenzake walibuni kipimo ambacho mgonjwa huvuta unga mkavu wa manitoli, nao huiga athari ya kukauka. Leo binadamu anaweza kupimwa mwenyewe, kwa hiari yake.

Mbwa wale hawakuulizwa hiari. Siwalaani watafiti, mtoto mwenye pumu naye ana haki ya kupumua. Lakini tangu mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walikwisha kutuwekea masharti matatu: tumia njia mbadala inapowezekana, punguza idadi ya wanyama, punguza maumivu yao. Mwanafunzi anayeandika pendekezo la utafiti na mtumishi wa umma anayeweka sahihi kwenye kibali wanapaswa kuyajibu yote matatu kabla ya mnyama wa kwanza kulazwa mezani. Jibu likikosekana, kibali kisitolewe.