Chipukizi Sita kwa Kijana Mmoja: Nani Aliibiwa?

Wasee, tuanze na hesabu ndogo. Una kijana wa miaka 24 kwenye timu yako. Anacheza besi ya tatu, amechaguliwa timu ya nyota mara nne tayari, na akiwa na miaka 20 alikusaidia kubeba ubingwa. Halafu mwenzako anakuja na vijana sita. Wengi wao hata jina hawana bado, lakini wawili kati yao kila mtu anaapa watakuwa moto. Utakubali?

Florida Marlins walikubali. Ilikuwa Desemba 2007, na kijana waliyemtoa anaitwa Miguel Cabrera.

Kwa sisi tuliolelewa na Premier League, wacha nieleze kitu kwanza. Kwenye soka, timu ikimtaka mchezaji inatoa pesa. Kwenye besiboli ya Marekani, mara nyingi ni mtu kwa mtu. Mali kwa mali, kama vile tulifunzwa darasani kuhusu watu wa zamani na chumvi yao. Timu inayotaka kushinda sai inatoa chipukizi, yaani vijana wa timu ndogo ambao bado wanapikwa. Timu isiyo na haraka, ama isiyo na pesa, inatoa mtu ambaye ameshaiva. Na huyo mchezaji mwenyewe kwa kawaida haulizwi. Anapigiwa simu, anaambiwa kuanzia leo wewe ni wa Detroit, panga nguo.

Hii biashara ina mizizi. Miaka ya 1920 kulikuwa na jamaa anaitwa Branch Rickey pale St. Louis Cardinals. Timu yake haikuwa na ganji ya kushindana na matajiri kununua wachezaji walioiva, kwa hivyo akaanza kujikusanyia timu ndogo ndogo za kukuza vijana wake mwenyewe. Wamarekani wanauita mfumo huo shamba. Na jina linafaa kabisa. Unapanda wengi, wachache wanamea, na wale wanaomea unaweza kula ama kuuza sokoni.

Mashabiki nao walichelewa kuingia kwenye hii hesabu. Zamani shabiki alijua timu yake tu, wale vijana wa shambani hakuwajua. Mambo yakabadilika karibu 1980. Mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake wa New York walianzisha mchezo wa kujipangia timu za kubuni wakitumia takwimu za wachezaji wa kweli. FPL inayokukosesha usingizi kila wikendi ni ya ukoo huohuo. Mwaka uliofuata, 1981, likazaliwa gazeti la Baseball America, na 1990 likaanza kutoa orodha ya chipukizi 100 bora kila mwaka. Hapo ndio shabiki wa kawaida alianza kuongea kama meneja mkuu. Hakuuliza tena "tumeshinda?" peke yake. Alianza kuuliza "tumetoa namba ngapi na namba ngapi kumpata huyu?"

Sasa turudi kwa Cabrera, juu bila kuelewa pesa huwezi elewa kwa nini aliachwa aende. Mchezaji akifika ligi kubwa, timu yake inakuwa na haki naye kwa misimu sita hivi. Mitatu ya kwanza analipwa karibu na kima cha chini, hata kama anawaka. Mitatu inayofuata mshahara unapanda, na wasipoelewana wanaenda kwa msuluhishi aamue. Baada ya hapo yuko huru kwenda anakotaka. Cabrera alienda kwa msuluhishi mapema 2007 na akashinda: dola milioni 7.4 kwa msimu mmoja. Alibakisha misimu miwili awe huru. Marlins wakaona moshi. Mwaka wa 2008 timu yao nzima ililipwa takriban dola milioni 22. Mwaka huohuo Alex Rodriguez, mtu mmoja, alilipwa milioni 28 pale New York Yankees. Kwa timu kama hiyo, nyota ni kama gari la kifahari ambalo huwezi kulijaza mafuta.

Detroit Tigers wakaleta sita: Cameron Maybin, Andrew Miller, Mike Rabelo, Eulogio De La Cruz, Dallas Trahern na Burke Badenhop. Marlins wakamwongeza mrushaji Dontrelle Willis upande wa Cabrera. Na usidhani Marlins walikuwa wajinga. Maybin na Miller wote walikuwa ndani ya kumi bora wa Baseball America mwaka wa 2007. Miller alikuwa chaguo la sita kwenye mchujo wa vijana wa 2006, Maybin la kumi mwaka mmoja kabla. Maybin alikuwa amefika ligi kubwa Agosti 2007 akiwa na miaka 20 na akampiga Roger Clemens homurani, yaani mpira ukaenda mpaka kwa mashabiki. Cabrera naye alimpiga Clemens huyohuyo homurani kwenye fainali za 2003, pia akiwa na miaka 20. Ungekuwa shabiki wa Marlins ungejiambia: tumeuza mmoja, tumepata mwingine kama yeye, na bado tuna chenji.

Wahenga walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Cabrera akahamishiwa besi ya kwanza Detroit na akaanza fujo. Mwaka wa 2012 aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa homurani 44 na kwa kuingiza pointi 139. Kuongoza vyote vitatu kwa msimu mmoja kulikuwa hakujaonekana tangu 1967. Akawa mchezaji bora 2012, akarudia 2013. Alistaafu 2023 akiwa na homurani zaidi ya 500 na mapigo zaidi ya 3,000. Trahern, kwa upande mwingine, hakucheza hata mechi moja ya ligi kubwa. Maybin na Miller wote Marlins waliwaachilia mwishoni mwa 2010.

Tangu hapo, kila mashabiki wakibishana kuhusu kutoa chipukizi kumpata kijana wa besi za ndani, mtu lazima arushe jina la Cabrera mezani. "Chipukizi ni ndoto, toa wote!" Na mwenzake hakosi jibu: "Na Bagwell je?"

Bagwell ni upande wa pili wa shilingi. Agosti 1990, Boston Red Sox walikuwa wanapigania kuongoza kundi lao na walihitaji mrushaji wa kumalizia mechi. Wakamchukua Larry Andersen kutoka Houston Astros, mzee wa miaka 37. Walichotoa ni kijana mmoja wa besi ya tatu kwenye timu yao ndogo ya New Britain, Jeff Bagwell, aliyezaliwa Boston kwenyewe. Alikuwa anapiga vizuri lakini homurani alikuwa nazo nne tu mwaka huo, na besi ya tatu Boston ilikuwa na mwenyewe, Wade Boggs. Andersen alifanya kazi yake safi kwa mechi 15. Red Sox wakaongoza kundi lao kwa mechi mbili, kisha Oakland wakawafagia nne bila. Andersen akaondoka msimu ulipoisha. Bagwell akawa chipukizi bora wa ligi 1991, mchezaji bora 1994, akapiga homurani 449, na 2017 akaingia kwenye jumba la heshima la Cooperstown.

Kuna ile nyingine ya 2016. Chicago White Sox walimtaka mrushaji mkongwe James Shields, wakatoa wawili kwa San Diego Padres. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 17 kutoka San Pedro de Macorís, Jamhuri ya Dominika, ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja rasmi ya kulipwa. Jina, Fernando Tatis Jr. Miaka mitano baadaye, Padres walimpa mkataba wa miaka 14, dola milioni 340.

Kwa hivyo unaona shida. Ukitaka kusema "toa chipukizi," historia inakupa Cabrera. Ukitaka kusema "usitoe," historia inakupa Bagwell na Tatis. Kila mtu ana mfano wake mfukoni, na ndio maana huu ubishi hauishi.

Mimi naona kuna kitu kimoja kinaunganisha hizi stori zote, na watu hukiruka wakikimbilia orodha za namba. Usiangalie majina, angalia muda. Boston mwaka wa 1990 walinunua mwezi mmoja wa kazi, wakalipa kwa miaka 15 ya mtu. White Sox walinunua mkongwe anayeshuka mlima, wakalipa na mtoto ambaye hata mlima hakuwa ameanza kuupanda. Tigers walifanya kinyume. Walinunua miaka, na walinunua kutoka kwa mtu aliyekuwa ameshaonyesha kwenye ligi yenyewe kwamba anaweza. Kijana mwenye ushahidi ndio kitu adimu zaidi kwenye soko lote. Akiuzwa, mara nyingi ni juu muuzaji ana njaa. Kama timu yako imepata nafasi ya kijana wa hivyo, ana miaka kadhaa mbele na si miezi, mimi natoa chipukizi wangu na nalala vizuri.

Lakini hata hiyo kanuni si Biblia. Novemba 2005, Red Sox walimtoa Hanley Ramirez, kijana wa katikati ya besi ya pili na ya tatu, pamoja na wenzake watatu, wakamchukua mrushaji Josh Beckett. Marlins wakawalazimisha wabebe pia Mike Lowell, juu mshahara wake ulikuwa mzito na alikuwa ametoka msimu mbaya. Hanley akawa chipukizi bora wa ligi 2006 na bingwa wa wastani wa kupiga 2009. Red Sox waliibiwa? Mwaka wa 2007 Beckett alishinda mechi 20, na Lowell, yule mzigo, akawa mchezaji bora wa fainali. Red Sox wakabeba kombe. Uliza shabiki yeyote wa Boston kama anataka kurudisha hiyo biashara.

Na Cabrera wetu? Detroit hakubeba kombe hata moja. Fainali za 2012 San Francisco Giants waliwafagia nne bila, na mtu wa mwisho kutolewa alikuwa Cabrera mwenyewe, amesimama akiuangalia mpira ukipita.

Sasa angalia wale "walioshindwa." Miller aliacha kuanza mechi, akawa mrushaji wa dakika ngumu, na 2016 akawa mchezaji bora wa nusu fainali akiwa Cleveland. Maybin alibeba ubingwa na Houston 2017. Aliwahi hata kurudi Detroit akacheza timu moja na Cabrera. Halafu 2021 New York Mets wakamchukua kutoka Chicago Cubs. Bei? Dola 1. Si milioni. Dola moja. Kijana aliyewekwa kwenye mizani na Miguel Cabrera aliishia kuuzwa kwa bei ambayo hapa kwetu haikununulii hata lunch ya maana.

Hapo ndio mimi husimama kidogo. Mimi niliacha chuo, na kuna watu mtaani walishanifungia hesabu zamani. "Alikuwa na future huyu." Tunajua hiyo lugha. Ni lugha ileile ya orodha za chipukizi: huyu namba sita, huyu hayuko, huyu alikuwa namba kumi lakini ameoza. Shabiki anapoandika "tuwape wale watatu, hawatafika popote," anaongea kuhusu vijana wa miaka 19 na 20 ambao kwa miaka mingi walilipwa mshahara mdogo sana. Ilifika Septemba 2022 ndio wachezaji wa timu ndogo wakaingia kwenye chama cha wachezaji, na mkataba wa 2023 ukapandisha malipo ya daraja la Double-A kutoka karibu dola 14,000 kwa mwaka hadi zaidi ya 30,000.

Kuna mtu alikataa kuhesabiwa hivyo. Oktoba 1969 Cardinals walimbadilisha Curt Flood, wakamtuma Philadelphia Phillies. Flood akasema yeye si mali ya mtu na akaenda mahakamani. Mwaka wa 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia, majaji watano kwa watatu, na kazi yake ya uwanjani ikawa imeisha. Lakini mlango ulikuwa umeshaanza kutikisika. Kuanzia 1973, mchezaji mwenye miaka kumi ligi kubwa, mitano ya mwisho akiwa timu moja, anaweza kukataa kubadilishwa. Mwishoni mwa 1975 msuluhishi akavunja ile minyororo iliyomfunga mchezaji kwa timu moja maisha.

Angalia lakini nani bado hawezi kusema hapana. Ni chipukizi. Ni yule ambaye hajathibitisha kitu, ambaye bei yake yote ni maneno ya watu wengine.

Kwa hivyo endeleeni kupima, mimi pia napenda kupima. Toeni chipukizi mpate kijana aliyeiva, mkiweza. Lakini mkimaliza hesabu, mkumbuke kwamba wale sita hawakuishia kwenye ile karatasi ya biashara. Cleveland 2016 na Houston 2017 walicheka sana na "takataka" za Marlins.