Washindani Waliogawana Programu

Mwaka 1955, aliyekodi kompyuta kubwa ya IBM alilipa maelfu ya dola kila mwezi, na mashine ikamfikia karibu tupu. Programu hazikuwa zikiuzwa. Kila kiwanda kiliajiri watu wake, wakaandika wenyewe hata utaratibu wa kutafuta kipeuo cha pili, huku jirani zao wakihangaika na kazi ileile.

Adha hiyo ilionekana zaidi kusini mwa California. Lockheed, Douglas na North American Aviation waligombea kandarasi za ndege, lakini wataalamu wao wa hesabu walifahamiana na walikuwa wameshaanza kushirikiana. Kisha ikatangazwa IBM 704. Ilikuwa na uwezo mkubwa kuliko 701 iliyoitangulia, ila haikuweza kuendesha programu za 701. Jasho la miaka mizima lilikuwa linakwenda bure.

Agosti 1955, wawakilishi wa mashirika 17 yaliyokuwa yakingojea mashine hiyo walikutana katika taasisi ya RAND, mjini Santa Monica, wakaunda kundi la watumiaji waliloliita SHARE.

Ugumu haukuwa kukutana. Ugumu ulikuwa kukubali kuacha mtindo wa nyumbani na kufuata wa wengine, kwani programu ya mwenzako haikufai kitu ikiwa mashine zenu zimepangwa kwa namna mbili na kila mmoja ana alama zake za kuandikia. Kila kituo kilipenda asembla yake, yaani programu ya kugeuza alama hizo kuwa lugha ya mashine. Hatimaye wakachagua ile ya Roy Nutt wa United Aircraft, kampuni ya upande wa pili wa nchi, na ndiyo ikawa asembla ya wote. Uamuzi huo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndio ulioliokoa kundi: waliokuwa na kazi nzuri mkononi waliiweka kando kwa ajili ya wenzao. Baada ya hapo mafungu ya kadi zilizotobolewa zenye programu, pamoja na maelezo yake, yakaanza kusafiri kutoka kiwanda hadi kiwanda bila malipo.

Mfano ulienea haraka. Watumiaji wa kompyuta za UNIVAC walianzisha kundi la USE mwaka huohuo, na wa mashine za kampuni ya Digital wakaunda DECUS mwaka 1961. Nutt naye, pamoja na Fletcher Jones aliyekuwa mmoja wa waasisi wa SHARE, walianzisha Computer Sciences Corporation mwaka 1959, wakaanza kuandika programu kwa malipo.