Jinsi Viwakilishi vya Kujirejea Vilivyoingia katika Kiingereza

Kiingereza cha Kale, kilichosemwa tangu karne ya 5 hadi mwanzoni mwa karne ya 12, hakikuwa na viwakilishi maalumu vya kujirejea. Aliyejiosha na aliyemwosha mwenzake walielezwa kwa kiwakilishi kilekile, hine au him kutegemea kitenzi, na msikilizaji alitazama muktadha ili ajue ni nani aliyeoshwa. Utata wa aina hiyo mzungumzaji wa Kiswahili haujui, maana amejiosha na amemwosha hutengana papo hapo kwa kiambishi kimoja tu.

Hali hiyo haikuwa ya asili. Lugha za ukoo wa Kijerumani zilirithi neno la kujirejea: Kigothi kilikuwa na sik, Kijerumani kina sich hadi leo, Kiaislandi kina sig. Kiingereza kilikuwa kimelipoteza neno hilo kabla hakijaanza kuandikwa, kikabakiwa na kimilikishi sin, kinachoonekana hasa katika mashairi ya kale. Waviking waliolowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9 walikuja na lugha ambayo ndani yake sik ilikuwa imekwisha kunata mwishoni mwa kitenzi. Kitenzi bask, kuota jua au moto, huaminika kuwa kimetokana na umbo la namna hiyo lenye maana ya kujiogesha. Waingereza walikichukua kizimakizima, na kujirejea kulikokuwa ndani yake kukasahaulika.

Neno self lilikuwapo, ila kwa kazi nyingine. Lilikuwa neno la mkazo, sawa na mwenyewe katika "mfalme mwenyewe alikuja", na lilibadilika umbo kama kivumishi kufuata jinsia, idadi na uhusika wa nomino. Jinsi lilivyotoka kwenye mkazo na kufikia kujirejea ndiyo sehemu yenye mafunzo mengi zaidi katika historia hii. Maelezo yenye nguvu huanzia kwenye vitenzi vyenyewe. Mtu anapoua, anaponyonga au anapochukia, msikilizaji hutarajia kwamba anayetendwa ni mwingine. Ikiwa mtendaji ndiye aliyetendwa, tarajio hilo huvunjika, na msemaji hulazimika kutia mkazo: amemuua yeye mwenyewe, si mtu mwingine. Kwa vitenzi kama kuvaa au kuogopa, mkazo haukuhitajika, kwa kuwa hakuna aliyetarajia mtu wa pili. Kwa hiyo self ilianza kuzoeleka pale palipokuwa na mshangao, kisha ikaenea kidogo kidogo hadi ikawa ya lazima hata pasipo na mshangao wowote. Wapo pia wataalamu wanaoona mkono wa lugha za Kiselti, kwa sababu Kiwelshi nacho hutumia neno moja kwa mkazo na kwa kujirejea, ilhali Kijerumani hutenga sich na selbst. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, ingawa kuithibitisha kwa maandishi ni kazi ngumu.

Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, mmomonyoko wa viambishi tamati vya uhusika, uliokuwa umekwisha kuanza, uliendelea hadi viambishi hivyo vikakaribia kwisha. Hine ilimezwa na him, na self, iliyokwisha kupoteza minyambuliko yake, ikashikamana na kiwakilishi kilichoitangulia. Hapo ndipo penye chanzo cha mkanganyo unaomsumbua mwanafunzi hadi leo. Umbo la kwanza lilikuwa me self, lakini katika karne za Kiingereza cha Kati likageuka kuwa myself. Neno her lilichangia, kwa kuwa linaweza kuwa mtendwa na linaweza kuwa kimilikishi. Herself ikasikika kama "nafsi yake", na self ikaanza kuhesabiwa kuwa nomino inayomilikiwa. Mkondo huo ulizibeba myself, thyself, ourselves na yourself, lakini himself na themselves zikabaki na umbo la mtendwa. Lahaja kadhaa za Kiingereza zilikamilisha safu kwa hisself na theirselves. Mwaka 1762 Robert Lowth, mwandishi wa sarufi iliyosomwa sana aliyekuja kuwa askofu, aliona kwamba himself inapotumika mahali pa mtenda ni upotovu wa his self. Wenye lahaja hizo, basi, hawakuharibu kanuni. Waliifuata kikamilifu zaidi kuliko Kiingereza sanifu.

Viwakilishi vya kawaida havikung'oka mara moja. Tamthilia za Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, na Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 bado zina me na thee zenye maana ya kujirejea, bega kwa bega na maumbo ya self.

Vitenzi navyo vilikwenda njia yake. Kifaransa kilileta vitenzi vingi vya kujirejea, kikiwamo repent, kutubu, na kwa karne kadhaa Waingereza walikitumia pamoja na kiwakilishi. Baadaye vingi kati ya vitenzi hivyo vilikiacha kiwakilishi kabisa. Leo wash, shave na dress husimama peke yake, kama vile Kiswahili kinavyosema kuoga, kunawa na kuvaa bila -ji-. Vilivyobaki na sharti la kujirejea ni vichache, kama pride, kujivunia, na perjure, kula kiapo cha uongo.

Katika karne ya 16 self ilipata wingi wake, selves, na themself ikaiachia nafasi themselves. Umbo hilo la zamani limerudi katika miongo ya karibuni, likimrejelea mtu mmoja ambaye jinsia yake haikutajwa, na kamusi kubwa za Kiingereza zimeliorodhesha tena.